Mtu mzima anayeona haya si mvivu

Kila tarehe 8 Septemba, siku ya kimataifa ya kisomo, tunasikia viongozi wakilalamika kwamba watu wazima hawapendi kusoma. Vituo vipo, wanasema, lakini mabenchi ni matupu. Lawama hiyo imetolewa haraka mno.

Tazama jioni kwenye soko la Kadutu, mjini Bukavu. Mama muuza samaki anapokea ujumbe wa M-Pesa. Anaita kijana wa jirani amsomee, na pengine anamtajia hata namba ya siri. Hatari yake anaijua. Angekuwa mvivu, asingepanda mlima tangu alfajiri na beseni kichwani. Kinachomzuia ni kuitwa mbele ya ubao, jina lake litajwe, kisha wateja wake wajue.

Mwaka 1961, Cyril Houle, profesa wa chuo kikuu cha Chicago kule Marekani, alitoa kitabu kuhusu watu wazima wanaoendelea kujifunza. Aliongea na watu 22, akakuta wako wa aina tatu: wenye shabaha fulani, wenye kutafuta kukaa na wenzao, na wenye kupenda elimu yenyewe. Lakini hao wote walikuwa wamekwisha kuvuka mlango. Uchunguzi wa saikolojia uliofuata umeonyesha pia kwamba mwenye roho ya kupenda mambo mapya huingia masomoni kwa urahisi kuliko mwingine. Basi kituo kinachongoja watu waje wenyewe kinapata majasiri, halafu kinawahesabu wengine kuwa wakaidi.

Kwa akina baba, mambo ni magumu zaidi. Mwenye mtoto wa sekondari hataki kufundishwa na kijana wa umri wa mwanawe, tena katikati ya wamama. Wengine wataita hiyo kiburi. Iwe kiburi, huyo bado ni raia, na kifungu cha 44 cha Katiba ya 2006 kinasema kuondoa hali ya kutojua kusoma na kuandika ni wajibu wa taifa, na serikali inapaswa kuandaa programu maalum kwa kazi hiyo.

Tabia ya mtu hatutaibadili kwa hotuba, ila mahali pa somo tunaweza kupabadili. Wamama wengi tayari wako katika likelemba, wanakutana kila juma, wanajuana hata kwa madeni. Mwalimu awafuate pale, aanze na daftari la michango na simu walizo nazo mkononi, kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa. Wanaume wapewe saa yao na mwalimu wa umri wao. Asiyetaka ubao aandike kwenye daftari lake mpaka siku atakayopenda mwenyewe.

Divisheni za mambo ya kijamii katika majimbo yetu zinaweza kuanza bila kujenga hata darasa moja. Lakini walimu walipwe, maana kutembea toka likelemba moja hadi nyingine ni kazi ya siku nzima.