Hakikuanguka Nyuma ya Kilima

Kimondo kikubwa kikipita usiku, mashahidi hawakosekani, na karibu wote huapa jambo moja: kimeangukia hapo tu, nyuma ya kilima, kikiwa bado kinawaka. Wapo hata wanaochukua tochi kwenda kukitafuta. Warudi wakalale.

Kimondo huanza kuwaka kikiwa kama kilomita 100 juu yetu, na kwa kawaida huzimika kabla ya kufika kilomita 20 kutoka ardhini. Hebu piga hesabu. Nyoosha mkono, weka ngumi moja juu ya upeo wa macho. Mwanga ukizimikia hapo, nao uko kwenye kimo cha kilomita 30, basi uko mbali nawe kama kilomita 170. Wewe uliyesimama Kariakoo ukaapa kimeangukia Magomeni, chako kilikuwa kwenye anga la Morogoro.

Macho hayadanganyi, mtasema. Yanadanganya sana, hasa gizani, kusikokuwa na kitu cha kulinganishia. Na moto nao ni porojo: jiwe likisalia, hushuka dakika kadhaa bila kuwaka, likipita kwenye hewa ya baridi kali. Mbale, Uganda, Agosti 14, 1992, mawe yalimwagika toka angani. Moja, kijiwe cha gramu zisizofika 4, kiligonga mgomba kwanza, kikamdondokea mvulana kichwani. Hakikumdhuru, seuze kumchoma.

Kudhani kitu kiko karibu kuna gharama yake. Chelyabinsk, Urusi, Februari 15, 2013, watu waliona mwanga wa kimondo, wakakimbilia madirishani kutazama, wakidhani yamekwisha. Kumbe kilikuwa mbali, na mshindo wake bado uko njiani, ukafika baada ya zaidi ya dakika mbili. Walioumia walizidi 1,000, wengi wao kwa vioo.

Simdharau shahidi wa mtaani, la hasha. Oktoba 9, 1992, watu wa kawaida mashariki mwa Marekani, baadhi yao wakirekodi mechi za shule, walikinasa kimondo kilichokuja kuangusha jiwe la kilo 12 juu ya gari lililoegeshwa Peekskill. Video zao, kila moja na mahali ilipopigwa, ndizo zilizowapa wataalamu njia yake. Kwa hiyo tuambie uliposimama, kilipita juu ya mwembe upi, kilizimikia usawa wa paa la nani, na sekunde ngapi zilipita hadi mshindo. Kilipoangukia hukukuona.