Hati ya Mpigaji Isivuke Mlango Wake

Simu inayopigwa kwa njia ya intaneti kwa kawaida haiendi moja kwa moja kwa mpokeaji. Ombi lake hupitia kwanza seva ya wakala, yaani kompyuta inayolipokea, ikamkagua mpigaji, kisha ikalipeleka mbele kwenye mtandao mwingine. Wasimamizi wengi hudhani kwamba kazi ya ukaguzi imekwisha mara tu mpigaji anapotambuliwa. Kwa maoni yangu, hapo imefika nusu tu.

Utaratibu wenyewe umeelezwa katika waraka namba 3261 wa IETF, jopo la wahandisi wa intaneti, uliotolewa Juni 2002, ambao ndio msingi wa itifaki ya SIP. Ombi likifika bila hati, seva hulikataa kwa jibu namba 407, ikitaja jina la mamlaka yake na tarakimu za nasibu zitumikazo kwa muda mfupi. Simu ya mpigaji huchanganya hayo na jina lake, neno lake la siri na habari za ombi, ikakokotoa muhtasari wa kihesabu. Muhtasari huo ndio hati. Huwekwa katika kichwa cha ujumbe, na ombi hupelekwa tena. Neno la siri lenyewe halisafiri.

Hapo ndipo wengi wanapojiliwaza. Kila kilichoingia katika hesabu ile husomeka ndani ya ujumbe, ila neno la siri peke yake. Seva ikiupeleka mbele ujumbe pamoja na hati, yeyote aupataye huko aweza kukaa na kompyuta yake akajaribu mamilioni ya maneno, moja baada ya jingine, bila seva kung'amua lolote. Muhtasari wa MD5, uliochapishwa mwaka 1992, hukokotolewa upesi mno. Wepesi uliokuwa sifa siku zile leo ni hasara. (Wapo pia wanaofanya namba ya simu yao kuwa neno la siri, kwa hao hata mamilioni hayahitajiki.) Mwizi akilipata neno hilo hupiga simu za nchi za mbali usiku kucha, na ankara humwendea mwenye namba. Waraka namba 8760 wa mwaka 2020 umeleta SHA-256, na ni hatua njema, lakini neno dhaifu hubaki dhaifu.

Basi seva na ifute hati iliyo yake baada ya kuihakiki. Programu ya Kamailio inalo agizo la kazi hiyo, ila msimamizi anayeandika maagizo yake upya aweza kulisahau. Wala isifute ovyo. Ombi laweza kubeba hati za mamlaka mbili, na waraka 3261 unaikataza seva kuitwaa hati isiyoihusu. Seva ifutayo zote humfanya mpigaji akataliwe huko mbele, atume hati nyingine, nayo ifutwe vilevile. Simu haitalia, na fundi atalaumu waya.