Maji ya robine: moto unaua nini?

Wamama wengi wananiuliza: "Pastore, tukisha kuchemsha maji ya robine, hakuna hatari tena?"

Juu ya mikrobe, ni kweli. Kipindupindu na tifoidi vinaletwa na vidudu, na moto unaviua. Acha maji yatokote kabisa dakika moja, kisha funika.

Lakini sisi tunakaa karibu na migodi. Shaba, plombu, kadmiumu, si vidudu, havina uhai wa kuuawa. Ukichemsha sana, maji yanapunguka, madini inabaki mule mule ndani ya sufuria. Javel nayo haiiondoi. Tena usiamini macho: shaba nyingi inaweza kuacha alama ya kijani kwenye lavabo, lakini plombu ndani ya maji haina rangi wala ladha, na inaharibu akili ya mtoto.

Kwa hiyo vipimo viko viwili. Cha mikrobe: ndani ya mililita 100, kidudu cha mavi kisionekane hata kimoja. Cha madini: OMS inaweka mpaka wa plombu mikrogramu 10 kwa litre, shaba miligramu 2.

Mkiambiwa "maji yamepimwa", ulizeni: yamepimwa kitu gani, na yalitekwa wapi? Karatasi ya kiwanda cha Regideso haisemi habari ya bomba lililotoboka kwenye avenue yenu. Vijana wanaosoma kemia, nyinyi muisomee wazazi.

Na maji yaliyolala usiku ndani ya bomba, ya kwanza asubuhi, yawe ya kusafisha nyumba. Mtoto anywe yanayofuata.