Nasuri: Uliza kisu kitapita wapi

Yapo maradhi ambayo mtu huwa radhi kuumwa nayo miaka mingi kuliko kuyataja. Mojawapo ni nasuri ya njia ya haja kubwa. Mgonjwa hukaa upande upande ndani ya matatu, hubadilisha nguo ya ndani kila mara kwa sababu ya usaha, na akiulizwa husema ni bawasiri tu.

Nasuri hii si ile fistula inayowapata akina mama baada ya uchungu mrefu wa kujifungua. Hii huwapata wanaume zaidi, na aghalabu huanza na jipu. Vijitezi vilivyomo ndani ya njia ya haja huziba, usaha hujaa na kutafuta pa kutokea. Jipu likishapasuka huweza kuacha mfereji mwembamba wenye mdomo mmoja ndani na mwingine nje kwenye ngozi. Kwa mtu mzima, mfereji huo ni nadra kujifunga wenyewe. Vidonge huenda vikatuliza uvimbe, lakini mfereji hubaki palepale. Mwisho wake ni kisu.

Lakini kisu kipi? Jibu limo katika misuli ya mviringo ambayo humwezesha mtu kuzuia choo na hewa.

Njia ya kwanza ni kuupasua mfereji wote na kuuacha wazi, kidonda kipone kutoka chini. Ndivyo alivyotibiwa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa mwaka wa 1686, tena bila nusukaputi, akapona. Kwa nasuri fupi isiyopita kwenye misuli mingi, zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 hupona, ingawa kidonda huchukua majuma kadhaa. Tatizo ni nasuri iliyopenya misuli mingi. Kuipasua hiyo ni kuikata misuli yenyewe, na mgonjwa aweza kupona usaha akabaki hawezi kuzuia hewa, au hata choo. Mama aliyewahi kuchanika vibaya akijifungua yumo hatarini zaidi.

Njia ya pili ni uzi. Daktari huupitisha ndani ya mfereji na kuufunga kwa kulegea, ili usaha utoke na jipu lisijirudie. Uzi huu waweza kukaa miezi. Mara nyingi hautibu peke yake, bali hutayarisha upasuaji utakaofuata. Wapo madaktari wanaoukaza kidogo kidogo hadi ukate misuli polepole, lakini huuma, na hatari ya kushindwa kujizuia ingalipo.

Njia ya tatu ni zile zinazookoa misuli. Mwaka wa 2007 madaktari wa Thailand walitangaza mbinu ya kupenya baina ya misuli miwili, kuufunga mfereji hapo na kuukata. Mbinu nyingine huvuta utando wa ndani na kuziba ule mdomo wa ndani kama kiraka. Faida yake ni kwamba uwezo wa kujizuia haudhuriki sana. Hasara ni kwamba wagonjwa wapatao 3 au 4 katika kila 10 huenda wakarudi hospitalini. Kuziba kwa gundi hakuumi sana, lakini nasuri hurudi mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, usiulize ni upasuaji gani ulio bora. Muulize daktari: mfereji wangu umepita misuli kiasi gani? Nafasi yangu ya kupona ni ipi, na ya kushindwa kujizuia ni ipi? Ikiwa nasuri imerudi au ina matawi, uliza kama unahitaji picha ya MRI kabla ya kupasuliwa. Uliza pia kama nyama itapimwa, kwa maana kifua kikuu nacho huweza kuleta nasuri.

Mwambie daktari yote, hata yale yanayokutia haya. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mficha nasuri naye haponi.