Pole si kukiri kosa

Ilikuwa Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, na uwanja wa soko la samaki hapa Kilwa Masoko ulikuwa umejaa pomoni. Mashua zilikuwa zimeingia na maji, wachuuzi wa baiskeli wanafunga matenga yao, bodaboda zimeziba kila upenyo. Nilikuwa nimekwisha pakia ndoo ya changu na pweza wanne kwa ajili ya wageni wangu. Nikaingia kwenye Probox, nikatazama kioo cha kulia, nikatazama cha kushoto, nikaanza kurudi nyuma. Upande wa pili Canter ya barafu nayo ilikuwa inarudi. Utingo wake alikuwa ubavuni, anapiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, kata kulia, njoo. Kisha akanyamaza. Mlio niliousikia haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mtu kakanyaga kombe la chaza.

Taa yangu ya nyuma ya kushoto ilikuwa chini vipande vipande, bampa linaning'inia upande mmoja, mlango wa nyuma umebonyea. Canter ilipata mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye chuma chake. Dereva akashuka, kijana ambaye hata thelathini hajafika. "Shikamoo mama," akasema, kabla hata ya kulitazama gari. Nikaitikia marahaba, nikampa pole.

"Pole na wewe, mama. Samahani sana."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomponza. Watu walikuwa wamekwisha tuzunguka, na sokoni hukumu haichelewi. "Kashakubali mwenyewe, alipe!" Mzee mmoja muuza nazi alijaribu kusema kwamba hata mimi nilikuwa narudi nyuma, sauti yake ikamezwa na za wengi. Mwingine akanigeukia: "Mama, yaishe. Huyu ni mwanao, msipelekane polisi." Nikaona ni maneno ya busara. Tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mashahidi wawili, kwamba yeye atagharamia matengenezo na kwamba sisi tumemalizana.

Taa ya mtumba iliagizwa Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Fundi akanyoosha bodi, akapiga pati na rangi. Jumla ikawa shilingi 220,000. Kijana alianza kunitumia kwa simu, elfu hamsini kila mwisho wa mwezi, na kila alipotuma alinipigia kunijulisha kwamba mzigo umefika. Mwezi wa pili nikamuuliza mbona sauti yake imekosa raha. Akaniambia tajiri wake anamkata hiyo elfu hamsini, na juu yake anamkata nyingine ya kupaka rangi ule mkwaruzo.

Wiki ile ile wakala wa bima alipita kunikumbusha kuhuisha yangu. Nikampa namba ya Canter, akaiingiza kwenye mfumo wa TIRA MIS, ule wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ambao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuutumia kukagua stika ya gari lolote. Canter ilikuwa na bima hai siku ile tuliyogongana. Fedha ya kutengeneza taa yangu ilikuwa imekwisha lipiwa bima, na bado mshahara wa kijana ulikuwa unakatwa. Nilipomwonyesha wakala ile karatasi ya "tumemalizana" akatikisa kichwa. Kampuni yoyote ikiiona, alisema, ina sababu ya kukataa.

Naandika haya kwa sababu nilipewa haki yote wakati kosa nilikuwa na sehemu yangu ndani yake. Nilikuwa narudi nyuma kama yeye. Anayerudi nyuma ana wajibu wa kuhakikisha nyuma yake kuko wazi, awe na utingo au asiwe naye, na magari mawili yakirudiana hakuna hata moja linaloweza kusema lilikuwa limetulia. Haki ingekuwa kugawana. Nilikubali kulipwa yote na mtu mwenye kipato kidogo kuliko changu, kwa kuwa aliomba samahani kabla yangu.

Kiswahili chetu kina hazina hapa ambayo hatuitumii. Pole si kukiri. Pole unampa mtu aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyetoka shamba, hata aliyenyeshewa na mvua ambayo wewe hukuileta. Samahani iko katikati: unaisema ukitaka kupita mbele za watu, unaisema pia ukiwa umekosa. Niwie radhi ndiyo inayobeba kosa. Mtu wa pwani amelelewa kuyasema haya yote matatu kwa pumzi moja, kwa sababu amani ya kwanza ni ya ulimi. Halafu tunamkamata kwa ulimi huo huo. Katika jimbo la Ontario, Kanada, ipo sheria ya mwaka 2009 inayosema kwamba kuomba radhi peke yake hakuwezi kutumiwa katika kesi ya madai kuwa ushahidi wa kosa. Wale wameona kwamba bila kinga hiyo watu wataacha kuombana radhi kabisa, na mimi sitaki Kilwa ifike huko, mahali ambapo dereva anakaa kimya garini na vioo vimepandishwa kwa kuogopa neno lake mwenyewe.

Upande wa pili wa jambo upo kwenye mkataba wa bima, zile kurasa ambazo wengi wetu tunazikunja tukazitia droo. Masharti ya kawaida ya bima ya gari yanamkataza mwenye bima kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Yaani lile tunalolihesabu kuwa uungwana, la kusema "nitakulipa, yaishe", ndilo linaloweza kuifungia bima mlango. Na tunaambiwa haya lini? Mimi nimenunua bima kwa zaidi ya miaka kumi na hakuna aliyewahi kunisomea sharti hilo kwa sauti. Natoa 118,000 kila mwaka, yaani laki moja na VAT yake, napokea ujumbe kwenye simu, trafiki akinisimamisha anaona iko hai, basi. Tumeigeuza bima kuwa kibali cha kupita barabarani.

Bima hiyo, tunayoiita bima ndogo, kazi yake ni mtu wa tatu: yule uliyemgonga, mwili wake na mali yake. Gari lako mwenyewe halimo. Litakuwamo ukikata bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi hukokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani, kwa hiyo gari la milioni 12 ni 420,000 kabla ya kodi. Wengi wetu huku hatuifikii. Ndiyo maana bima ndogo ya mwenzako ni mali yako pia, na kuiacha ikalala wakati taa yako imevunjika ni kumdhulumu mtu, ama wewe ama dereva wake.

Kwa nini basi inalala? Nawaelewa wanaokimbia njia ndefu. Kudai kunataka kituo cha polisi, trafiki aje apime na kuchora, mkaguzi wa magari ajaze fomu PF 93, kisha itoke ripoti PF 90. Dereva anaogopa faini ya 30,000 na anaogopa zaidi leseni yake. Baada ya hapo kuna ofisi ya kampuni, na ikiwa iko Lindi mjini, kutoka hapa ni kushika njia ya Nangurukuru kisha kusini zaidi ya kilomita 150, kwenda na kurudi, huenda mara mbili. Kwa taa ya elfu sitini! Mwenye nyumba ya wageni kama mimi akifunga mlango siku mbili amekwisha poteza zaidi ya hiyo taa. Mtu aliyeumia atapewa PF 3 na kila mtu atakimbia, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini kwa bampa na rangi, njia ile ile nzito ya ajali ya barabara kuu haistahili.

Ufaransa madereva wawili wakigusana bila mtu kuumia hutoa karatasi moja ya pamoja, constat amiable, ambayo wengi huwa nayo garini. Ina sehemu ya kuchora magari yalivyokaa, na visanduku 17 vya kutia alama: nilikuwa nimesimama, nilikuwa natoka kwenye maegesho, nilikuwa narudi nyuma. Wote wawili wanasaini, kila mmoja anabaki na nakala, na anaipeleka kwa kampuni yake ndani ya siku 5 za kazi. Nayo karatasi yenyewe inasema wazi kwamba kusaini si kukubali kosa. Ni kukubaliana juu ya kilichotokea. Nani alipe, na alipe kiasi gani, wanapanga wenye bima. Wafaransa si waungwana kutushinda. Wana karatasi tu, na karatasi hiyo inawapa nafasi ya kuwa waungwana bila kujitia kitanzi.

Namna hiyo hiyo tunaweza kuifanya hapa, na TIRA ndiyo yenye uwezo wa kuwaita kampuni na polisi wa usalama barabarani mezani. Fomu moja ya Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa migongano isiyo na majeruhi na yenye hasara chini ya kiwango watakachokubaliana, ipokewe badala ya PF 90. Kama stika imeweza kuhamia kwenye simu, na fomu hii itahamia. Wapo watakaosema tutatapeliwa, watu watapanga ajali za uongo. Watapeli wapo hata sasa, na picha nne za simu zenye tarehe zinaumbua uongo kuliko maelezo yaliyoandikwa kituoni siku tatu baadaye.

Husikia pia kwamba bima ni mambo ya kigeni, na kwa baadhi ya wazee wetu ina shaka kidini. Shaka hiyo naiheshimu, na ndiyo iliyozaa takaful, ambayo sasa inauzwa hata Tanzania. Lakini kugawana hasara si jambo la kigeni kwa mji uliojengwa na majahazi. Chombo kilipozidiwa na mawimbi na nahodha akaamuru mizigo itoswe, hasara haikuachwa kwa wenye mizigo iliyotoswa peke yao. Wale ambao mizigo yao ilisalimika walichangia, kwa kuwa ilisalimika kwa sababu ya ile iliyozama. Mafakihi waliandika hukumu zake karne nyingi kabla ya gari la kwanza kukanyaga mchanga wa hapa. Kumwachia dereva mmoja hasara ya uwanja mzima ni kurudi nyuma kuliko wazee wale.

Na kwa waajiri nina neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu tajiri kumkata dereva kwa hasara anavyojisikia. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, lazima apewe maelezo ya maandishi na nafasi ya kujitetea, na jumla ya makato haiwezi kuvuka robo ya ujira wake. Yule kijana hakupewa hata kipande cha karatasi. Alihukumiwa sokoni, na hukumu ikatekelezwa kwenye mshahara.

Viwanja vyetu vinazidi kujaa. Tangu ujenzi wa bandari ya uvuvi uanze, malori yanayoingia Masoko si yale tuliyoyazoea, na soko letu bado halina hata mstari mmoja wa chokaa wa kuonyesha gari likae wapi na litokee wapi. Halmashauri inayokusanya ushuru wa kila tenga inaweza kununua ndoo mbili za rangi nyeupe na kumweka mtu mmoja wa kuongoza magari kuanzia alfajiri hadi saa tatu, wakati wa minada.

Mwezi wa tatu nilimpigia kijana nikamwambia asitume tena. Alikuwa amekwisha lipa laki moja, nami nikaona iliyobaki ni sehemu yangu. Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika, kisha akasema, "Mama, na tajiri naye utamwambia?" Nilimpigia tajiri. Tuliongea kwa heshima, na makato hayakurudishwa.

Sasa ndani ya Probox yangu kuna daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Juma lililopita mgeni wangu mmoja, akitoka na gari uani kwangu kwenda kupanda boti ya Kilwa Kisiwani, aliigusa bajaji iliyokuwa imesimama karibu na mwembe na kuipasua kioo cha pembeni. Majirani wakaanza kukusanyika. Niliwapa wote wawili pole, nikapiga picha magari yakiwa vile vile, na ule mwembe ukionekana. Nikaandika namba za magari, majina, namba za simu, saa, gari gani lilikuwa linatembea na lipi limesimama, nikachora uwanja kwa mistari mitano. Mgeni akasoma, akasaini. Dereva wa bajaji akalishika daftari kwa mikono miwili, akasoma neno kwa neno huku midomo inacheza, akafika mwisho, akarudia tena mstari mmoja.

"Hapa umeandika nilikuwa nimesimama," akasema. "Ongeza na injini ilikuwa imezimwa."

Nikaongeza, akasaini.