Oveni Imegoma? Wajinga Ndio Waliwao!

Kijana mwenzangu, acha kucheka. Najua umesoma kichwa cha habari na kusema, "Oveni? Hayo mambo ya akina mama." Subiri kidogo. Siku utakapokamuliwa shilingi laki moja na nusu kwa sababu ya kijiti chembamba kuliko penseli, ndipo utakapojua oveni ni mambo ya nani.

Sikiliza yaliyotukuta nyumbani, Sinza.

Dada yangu anaoka. Haoki kwa starehe, anaoka ili tule. Skonzi alfajiri, keki za harusi na sendofu mwisho wa wiki, na kodi ya nyumba inatoka humo humo. Ijumaa moja jioni, keki ya watu inatakiwa kesho yake saa nne asubuhi, oveni ikagoma. Ukibonyeza kitufe na kukizungusha, moto unawaka vizuri. Ukiachia tu, unazimika. Washa tena, achia, zii.

Akaitwa fundi. Alikuja na bisibisi moja na maneno mengi. Akapiga magoti, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Dada, hapa valvu imekufa. Na regileta nayo ndiyo inakwenda. Toa laki moja na nusu nikafuate vifaa Kariakoo."

Nikamwuliza, "Fundi, valvu imekufaje wakati moto unawaka?"

"Dogo, wewe andika magazeti yako, niachie kazi yangu."

Ndugu msomaji, mtu akikujibu hivyo, shika pochi yako!

Tulimwambia arudi asubuhi. Usiku ule nikavuta droo ya chini ya jiko, nikakuta kijitabu kilichokuja na jiko lenyewe, hakijafunguliwa tangu siku ya kununuliwa. Nina cheti changu cha kidato cha nne, basi. Lakini niliyoyakuta mle ni fizikia ile ile tuliyokariri ubaoni bila kuonyeshwa kitu.

Ndani ya oveni, pembeni ya moto, kuna kijiti cha chuma chenye waya mrefu mgumu. Mafundi wanakiita thamokapo. Kazi yake ni kunusa moto. Mwaka 1821 Mjerumani Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa na kupashwa joto upande mmoja, umeme unazaliwa. Thamokapo ndiyo hiyo. Umeme wake ni mdogo mno, hauwezi hata kuwasha tochi, lakini unatosha kushikilia sumaku ndogo inayoacha njia ya gesi wazi. Moto ukizimika kwa upepo, kijiti kinapoa, sumaku inaachia, gesi inafungwa, nanyi mnaamka salama. Ni mlinzi huyo.

Sasa mlinzi akipakwa masizi na mafuta ya kuku, hausikii moto. Anadhani hakuna kitu, anafunga. Ndiyo sababu ukiachia kitufe, moto unakufa.

Tulifunga gesi kwenye mtungi, tukasubiri jiko lipoe kabisa, nikainua bati la chini la oveni. Kijiti kilikuwa cheusi tii, tena kimepinda, ncha yake haigusi moto. Nikakisugua taratibu kwa msasa laini, nikakirudisha mahali pake. Tukawasha, dada akashikilia kitufe akihesabu mpaka kumi na tano, akaachia. Moto ukabaki. Keki iliokwa usiku ule ule. Fundi aliporudi asubuhi alikaribishwa chai na skonzi, akaondoka mikono mitupu.

Je, kila oveni inayogoma ina ugonjwa huo? La hasha. Lakini dalili zinasema, ukijua kuzisikiliza.

Kwanza, washa pleti za juu. Kama nazo ni dhaifu, usiipigie kelele oveni bure, shida iko kwenye mtungi, regileta au mpira uliobanwa nyuma ya jiko. Mtungi una uzito wake mtupu ulioandikwa ubavuni. Weka kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ndiyo gesi yako. Ndiyo maana mtungi unapimwa dukani, mbele ya macho yako, kabla hujalipa. Usione haya! Muuzaji anayekasirika ukitaja mizani amekwisha kukujibu.

Pili, tazama rangi ya moto. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano, unapaka sufuria masizi, gesi haipati hewa ya kutosha au tundu inapopitia si saizi yake. Hapa angalieni sana nyinyi mnaonunua majiko ya mtumba kutoka Ulaya. Mengi yalitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, ambayo matundu yake ni makubwa kuliko yanayotakiwa kwa gesi yetu ya mtungi. Usitoboe wala kuziba kwa waya. Tundu linabadilishwa na fundi anayejua. Na ile regileta ya presha kubwa ya wakaanga chipsi usiifunge kwenye jiko la nyumbani hata kidogo.

Tatu, kama cheche hazitoki, angalia plagi kabla ya kumwita mtu. Majiko mengi hupata cheche kutoka kwenye umeme, na baadhi yenye saa ya namba hukataa kuwasha oveni mpaka saa irekebishwe. Umeme ukikatika na kurudi, saa inabaki inamwekamweka, na oveni imekaa kimya. Kuna watu wamelipa fundi kwa kurekebisha saa!

Nne, kama moto upo ila keki inatoka mbichi, tazama raba ya mlango. Ikikatika, joto linatoroka. Tazama pia kama umetandika karatasi ya foili kwenye sakafu ya oveni ili isichafuke. Foili hiyo huziba matundu ya kupitishia joto. Na ipe oveni muda, dakika kumi na tano za kupata moto kabla ya kuingiza kitu. Kama yote ni sawa, basi kirekebisha joto ndicho kibovu, na hapo mwite fundi.

Sasa acha utani, tusikilizane. Kuna mpaka wa ubishoo. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa, usiizime wala kuiwasha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni kama nyoka. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje, piga simu Zimamoto namba 114 ukiwa mbali. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto. Na kama oveni haijawaka ndani ya sekunde kumi na tano, funga, acha mlango wazi dakika tano, ndipo ujaribu tena. Wanaume wameunguzwa nyusi kwa kiherehere. Valvu, mabomba na maungio ya gesi si yako wala yangu, ni ya fundi aliyesomea.

Na hapo ndipo swali langu kwa wakubwa linapoanzia. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku vijijini, picha zimepigwa, hotuba zimetolewa. Ni jambo jema, sipingi. Mkaa umetumaliza macho na misitu.

Lakini nauliza, mafundi wako wapi? Mtungi ukifika, nani atamfundisha mama kupima uvujaji kwa sabuni? Kwa nini jiko liingie nchini na kijitabu cha lugha mbili tatu za wenyewe na Kiswahili kisiwemo? Kwa nini kijana amalize kidato cha nne akijua jina la Seebeck kwa mtihani lakini hajawahi kushika thamokapo? Kazi za kutengeneza majiko haya zinakuja kwa maelfu ya nyumba, na vijana wamejaa vijiweni. Wapewe kozi fupi na vyeti mkononi, na yule wa bisibisi moja atakosa wa kumdanganya.

Tusingoje, lakini. Kesho fungua droo, soma kijitabu cha jiko la mama yako au la dada yako. Fundi akija, mwulize, "Nionyeshe kilichokufa." Kifaa kikibadilishwa, dai cha zamani na risiti. Fundi wa kweli atakuonyesha kwa furaha. Mbabaishaji atakuita dogo.

Mwacheni akuiteni. Wahenga walikwisha sema, mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.