Usinunue Pistoni Mpya Kabla ya Kujua ya Zamani Ilikufa kwa Nini

Bwana mkulima, na wewe Bibi mwenye shamba, nenda stoo leo ukatazame kona ya nyuma, penye magunia matupu. Huenda utaukuta msumeno wa injini, huu ambao wengi wetu twauita pawa, umelala chini ya vumbi. Ukiuliza, utaambiwa kwamba huo umekufa. Ukiuliza umekufa kwa ugonjwa gani, hakuna ajuaye. Mimi nasema kwamba misumeno mingi iliyomo katika stoo za wakulima haijafa. Na hata ile iliyokufa kweli, iliuawa na kitu kidogo ambacho bado kimo ndani yake, kinangoja pistoni ya pili.

Jambo hili si mchezo kwetu sisi tulio kando ya Mto Tana, tangu mashamba ya Garissa mpaka Bura na Hola. Mti wa mathenge twaujua sote. Uliletwa Kenya mwaka 1973 ili kuotesha miti katika machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa, na katika miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola ili watu wapate kuni. Nia ilikuwa njema. Leo mti huo umeziba mifereji, na shamba likiachwa msimu mmoja tu huingia bila kubisha hodi. Mwaka 2006 wananchi wa Ng'ambo, Baringo, waliupeleka mashtaka mahakamani, na mbuzi aliyeharibika meno akawa shahidi. Mwaka 2008 Serikali ikautangaza kuwa magugu mabaya. Lakini tangazo halikati mti. Mti wakatwa kwa shoka au kwa msumeno, na mbao ya mathenge ni ngumu, tena ina miiba ya kutoboa hata tairi. Kwa hiyo msumeno uliolala stoo ni sehemu ya shamba iliyolala chini ya mathenge.

Nitakiri kosa langu kwanza. Miaka michache iliyopita nilipewa msumeno wa kikundi chetu niutengeneze. Ulikuwa umekwama. Nikaufungua, nikaona pistoni imekwaruzika, nikasema, "Nimeupata ugonjwa." Tukachanga fedha za ndizi, pistoni na ringi zikaagizwa Nairobi, nikazifunga. Injini ikawaka kwa mvuto wa tatu, wazee wakafurahi. Kabla tangi la pili halijaisha ikakwama tena, na pistoni mpya imekwaruzika vile vile, mahali pale pale. Fedha za watu zilikwenda kwa ajili ya haraka yangu. Pistoni haikuwa ugonjwa, ilikuwa maiti. Aliyeua alikuwa sili ya krenki, kipete kidogo cha mpira, ambacho bei yake haifiki hata robo ya bei ya pistoni.

Sikiliza namna kinavyoua. Injini ya msumeno haina sampu ya oili kama trekta. Oili yake yote huja pamoja na petroli. Mpira wa sili ukikauka kwa joto na miaka, hewa huingia pembeni bila kupita katika kabureta. Hewa ikizidi, petroli hupungua, na petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Injini hupata moto kupita kiasi, tena ikiwa kavu. Mwenye msumeno husikia unalia kwa nguvu kuliko kawaida, naye hufurahi akidhani umepona. Kumbe unakufa.

Basi usianze kwa kununua. Anza kwa kuuliza. Toa plagi kwanza. Kisha fungua ekzosi, bolti chache tu, uvute kamba polepole huku ukichungulia pistoni kupitia tundu la moshi. Ikiwa mikwaruzo iko upande wa moshi peke yake, mara nyingi injini ilikosa oili: ama petroli ilitiwa bila kuchanganywa, ama kabureta ilibana mafuta, ama hewa yaingia mahali. Ikiwa mikwaruzo iko upande wa kabureta, shuku vumbi lililopita kwenye kichujio kilichotoboka. Vumbi letu la Garissa ni laini kama unga, na kichujio chenye tundu la sindano hakifai tena. Ikiwa pistoni ni safi na laini, mshukuru Mungu ukaifunge ekzosi. Ugonjwa uko kwingine, pengine katika plagi, au bomba la petroli lililopasuka ndani ya tangi, au utando wa mpira ulio ndani ya kabureta ambao umekuwa mgumu kama ngozi kavu. Katika misumeno ya kizamani sana kuna pia pointi za umeme chini ya gurudumu la sumaku. Pointi zikichafuka hakuna cheche, na kipande kidogo cha msasa laini chaweza kuziponya.

Kupima hewa inayopenya si kazi ya kiwanda. Ziba tundu la moshi na la kabureta kwa vipande vya mpira wa tairi vilivyobanwa na bolti zake. Tia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu la plagi, kwa kipande cha bomba kinachokaza. Usizidishe, maana hewa nyingi huzitoa sili mahali pake. Kisha paka povu la sabuni kwenye sili zote mbili za krenki na kwenye gasketi ya chini ya silinda. Palipo na tundu, povu litatoa mapovu. Lau ningalifanya hivi siku ile, watu wangalikuwa bado na fedha zao.

Sasa tuseme umejua sababu, nawe unataka kuifungua injini yote. Chagua mahali pasipo upepo. Tandika shuka nyeupe, uweke kopo kwa kila kundi la skrubu, na uwafukuze watoto wa mbuzi. Kuifungua klachi kumewashinda wengi, kwa sababu katika misumeno mingi nati yake hufunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume cha desturi. Wengine huchomeka bisibisi ili kuizuia pistoni isizunguke, wakaitoboa. Tumia kamba safi ya pamba: ingiza sehemu yake kupitia tundu la plagi, ncha nyingine ibaki nje, na pistoni itagonga kamba bila kuumia.

Silinda nayo usiitupe upesi. Mara nyingi yale madoa ya ukutani ni aluminiamu ya pistoni iliyobandikana, na msasa laini uliotiwa oili utaiondoa kwa subira. Lakini ukiona ule utando mgumu wa ndani umebanduka mpaka ukucha wako wakwama, silinda hiyo imekwisha. Hapo usijidanganye, wala usimdanganye jirani kwa kumwuzia. Unaporudisha pistoni, mshale uliochorwa juu yake huelekea upande wa moshi. Vile vipete vya waya vinavyoshika pini usivirudishe vya zamani, kwani kimoja kikichomoka huharibu kila kitu kwa dakika moja.

Habari ya mafuta nitaisema kwa ufupi. Fuata maandishi ya kopo la oili na kitabu cha msumeno. Misumeno mingi mikongwe, ukitumia oili ya kawaida ya injini za kuchanganya, hutaka fungu 1 la oili kwa mafungu 25 ya petroli, yaani mililita 200 kwa lita 5. Changanya katika kopo kwanza, usichanganye ndani ya tangi. Petroli iliyokaa miezi mingi katika joto letu usiitie.

Wako pia wenye misumeno na pampu zilizozama katika mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024. Kosa lililofanyika sana lilikuwa kuvuta kamba ili kuona kama bado inawaka. Tope la Tana ni msasa. Injini iliyozama haivutwi hata mara moja mpaka imefunguliwa, ikaoshwa kwa petroli, ikakaushwa na kupakwa oili. Kama yako ilivutwa na ikakaa hivyo mpaka leo, tazama beringi za krenki kwanza. Ukizungusha kwa mkono ukasikia mlio wa mchanga, hesabu bei ya beringi kabla hujaenda mbele.

Tena si kila lawama ni ya injini. Mara nyingi nimeletewa msumeno "usio na nguvu," nikakuta injini nzima na mnyororo butu. Ukiona unatoa unga badala ya vipande vya mbao, shika tupa ya mviringo. Meno haya tunayotumia leo yalitokana na Joe Cox wa Marekani, ambaye mwaka 1946 alimtazama funza wa mti akitafuna kushoto na kulia, na mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo wa namna hiyo. Funza huyo hakutafuna mchanga. Mnyororo ukigusa ardhi kwa nukta moja, makali yote yamekwenda. Na mathenge ukiukata juu ya ardhi huchipua tena. Kwa hiyo angusha mti kwa msumeno, kisha fukua shina kwa jembe na ukate mzizi kwa shoka chini ya udongo. Usiupeleke msumeno shimoni.

Liko jambo moja ambalo wenzangu mafundi hawakubaliani nami. Misumeno mingi ya miaka ya 1960 haina breki ya mnyororo. Ncha ya juu ikigusa tawi, msumeno huruka nyuma kuelekea uso wa mwenye kuushika, upesi kuliko jicho. Wenzangu husema mzee aliyezoea hahitaji breki. Mimi nimewaona wazee waliozoea wakiwa na makovu. Vichaka vya mathenge vina matawi mengi ya chini, na ncha haionekani. Msumeno wa namna hiyo nautengeneza, lakini nataka ufanye kazi ya kupasua magogo yaliyokwisha lala chini, mikononi mwa mtu mmoja anayeujua. Kijana anayejifunza apewe wenye breki inayoshika, hata ikibidi kikundi kingoje mavuno mawili ili kuununua. Katika kikundi chetu neno hili lilitugawanya, na mkutano ulikwisha usiku. Tulikubaliana kwamba msumeno wa zamani usitoke stoo bila jina la anayeuchukua kuandikwa daftarini, na kwamba kabla ya kukata mti wowote usio wa shambani mwetu tutamwuliza kwanza afisa wa misitu.

Katika daftari hilo hilo twaandika kila ugonjwa na sababu yake. Ukurasa wa kwanza una habari ya ile pistoni yangu na bei yake, kwa mwandiko wa mweka hazina. Sikuombwa maoni yangu kuhusu maneno aliyoyatumia.